Neo Geo MVS: nguvu ilikaa kwenye kaseti, si kwenye bodi

Anayecheza The King of Fighters au Metal Slug leo kwenye simu au kompyuta huenda amekwisha kutana na kikwazo hiki: faili la gemu lipo, liko kamili, lakini emuleta inagoma kulifungua mpaka ipewe faili jingine liitwalo neogeo.zip. Akilipata, gemu inawaka, na jambo linasahaulika bila kueleweka. Kuna maswali mengine ya aina hiyo yasiyokwisha kila gemu za zamani zinapozungumzwa. Zile "330 mega" zinazotokea kwenye skrini mashine inapowashwa ni kitu gani? Ni kweli Neo Geo ilikuwa ya biti 24? Na betri iliyo kwenye bodi ikifa, bodi nayo imekwisha?

Majibu yote yana shina moja: jinsi kampuni ya SNK ya Osaka ilivyogawanya kazi kati ya bodi na kaseti katika Neo Geo MVS, mashine yake ya kumbi za michezo ya mwaka 1990. Ukishajua kipi kinakaa wapi, utajua pia kosa likitokea uanzie kutafuta upande gani.

Kilichomo ndani ya neogeo.zip

Tuanze na majina. Bodi ni ubao wa kielektroniki unaokaa ndani ya kabati la gemu, lile refu lenye skrini, vijiti na vitufe, linalotumia sarafu. ROM ni chipu iliyoandikwa data kiwandani, na umeme ukizimwa data hiyo haipotei. RAM ni kumbukumbu ya kazi. Inajazwa na kuandikwa upya wakati gemu inaendelea, na umeme ukikatika haibaki na kitu. Emuleta ni programu inayoigiza mashine nzima ya zamani ndani ya kompyuta ya leo, pamoja na tabia za chipu zake.

Kabla ya MVS, bodi nyingi za kumbi za michezo zilibeba gemu moja tu. Mwenye mashine akitaka gemu mpya, alinunua bodi mpya. SNK ilikuja na mpango mwingine: bodi inabaki ndani ya kabati, na gemu inakuja kwenye kaseti. Zilitoka bodi za tundu moja, mawili, manne na sita. Namba kama MV-1F, MV-2F, MV-4F na MV-6F zinakueleza idadi ya matundu. Kabati moja lenye matundu manne lilimpa mteja gemu nne za kuchagua kwa sarafu yake, na mwenye mashine akabadilisha kaseti ambayo watu wameichoka bila kugusa kitu kingine.

SNK ilitoa pia mashine ya nyumbani, AES, ambayo Marekani iliuzwa kwa dola 649.99. Wengi hudhani gemu za AES ni matoleo yaliyopunguzwa au yaliyoboreshwa. Sivyo. Kwa karibu gemu zote data ni ileile. Umbo la kaseti na mpangilio wa pini ndivyo vinavyotofautiana. Programu ya gemu huiuliza mashine kama ni ya nyumbani au ya ukumbini, kisha inaonyesha menyu inayofaa.

Sasa faili la neogeo.zip. Hilo ni sehemu ya bodi, yaani zile ROM zilizowekwa kwenye bodi ambazo kaseti haina. Ndani yake kuna BIOS, programu ya kuwasha mashine, kupima kumbukumbu, kuhesabu sarafu na kuikabidhi gemu usukani. Kuna sfix, yaani herufi na alama za bodi yenyewe, ndizo zinazoandika ujumbe wa makosa. Kuna sm1, programu ndogo ya upande wa sauti. Na kuna 000-lo.lo, jedwali linalotumiwa na chipu za picha kupunguza urefu wa michoro. Kumpa emuleta kof98.zip, faili la The King of Fighters '98, peke yake ni kumpa kaseti bila bodi ya kuichomeka.

BIOS ndiyo inayobeba nchi pia. Kaseti ileile ikichomekwa kwenye bodi ya Japani huandika Samurai Spirits. Ikichomekwa kwenye bodi ya Marekani huandika Samurai Shodown. Kwa hiyo anayetafuta "kaseti ya Kijapani" ili apate jina la Kijapani anapoteza hela. Abadilishe BIOS.

Picha inafikaje kwenye skrini

Hapa ndipo penye utamu wa mashine hii, na ndipo sifa nyingi zisizo zake zilipozaliwa.

Ubongo wa MVS ni Motorola 68000 inayokwenda kasi ya megahezi 12. Sega Mega Drive, mashine ya nyumbani, ilitumia chipu hiyohiyo kwa megahezi 7.67. Neo Geo ilikuwa na kasi zaidi, ndiyo, lakini haifiki hata mara mbili. RAM ya kazi ni kilobaiti 64 tu. Sauti inasimamiwa na Z80 ya megahezi 4 ikiongoza chipu ya Yamaha YM2610, yenye chaneli 4 za FM (sauti zinazoundwa kwa kuchanganya mawimbi), 3 za toni rahisi na 7 za sauti zilizorekodiwa. Hakuna kitu cha ajabu kwenye orodha hiyo. Kwa nini basi gemu zake zilionekana kama zimetoka kizazi kingine?

Kwa sababu ya njia ya picha. Kwenye Mega Drive, michoro yote inayoonekana lazima kwanza inakiliwe kutoka kwenye kaseti hadi kwenye RAM ya picha ya kilobaiti 64, ndipo chipu ya picha iisome. Ni kama duka linalouza tu kilichopangwa kwenye rafu: rafu ikijaa, lazima utoe kimoja ndipo uweke kingine. MVS ilifungua mlango wa ghala. Chipu zake za picha zinasoma ROM za michoro moja kwa moja kutoka kwenye kaseti, wakati ileile mistari ya skrini inapochorwa. RAM ya picha ya bodi, kilobaiti 68, haihifadhi michoro hata kidogo. Inahifadhi orodha tu: kipande namba fulani, kiwekwe hapa, kwa rangi hizi. Mhusika akibadilisha mkao, programu inabadilisha namba chache kwenye orodha. Hakuna kinachohamishwa. Ndiyo maana wapiganaji wakubwa wenye mikao mingi hawakuigharimu mashine chochote zaidi ya nafasi kwenye kaseti.

Jambo la pili linalowashangaza hata wanaojua mashine nyingine: MVS haina tabaka la mandhari ya nyuma. Mashine nyingi za wakati ule zilikuwa na mandhari zinazosogea, na juu yake spraiti, yaani vipande vya picha vinavyosogea kwa uhuru. Kwenye Neo Geo kila kitu ni spraiti, isipokuwa tabaka moja la juu lisilosogea ambalo huandika pointi, majina na muda. Kila spraiti ni utepe wenye upana wa pikseli 16 na urefu unaoweza kufika pikseli 512. Mhusika mpana ni tepe kadhaa zilizofungwa pamoja zitembee kama kitu kimoja. Mandhari ya nyuma ni tepe zilizopangwa ubavu kwa ubavu: skrini ina upana wa pikseli 320, kwa hiyo zinahitajika 20, pamoja na moja ya ziada ili picha isogee bila pengo.

Kikomo ni spraiti 96 katika mstari mmoja wa skrini. Fanya hesabu: mandhari mbili zinakula 42, zinabaki 54 kwa wahusika, risasi na moshi. Vilivyozidi kwenye mstari huo havichorwi, na mchezaji huona sehemu ya kitu inapotea kwa muda.

Kuhusu ukubwa, MVS inaweza kupunguza spraiti lakini haiwezi kuikuza. Katika Art of Fighting ya mwaka 1992, wapiganaji wakikaribiana picha inavutwa karibu na miili inakuwa mikubwa. Ukubwa ule ndio uliochorwa kwa mkono. Wakitengana, bodi inaupunguza. Kinachoonekana kama kukuza ni kurudi kwenye kipimo halisi, na ndiyo sababu haikuwa na pikseli nenenene kama gemu nyingine zilizojaribu jambo hilo.

Anayetaka ushahidi kwamba nguvu ilikuwa kwenye kaseti aitazame Neo Geo CD ya mwaka 1994. Ilikuwa na ubongo uleule wa 68000 na sauti ileile, ila kaseti iliondolewa, na mahali pake pakawekwa RAM ya megabaiti 7 iliyojazwa kutoka kwenye diski kwa takriban kilobaiti 150 kwa sekunde. Kuijaza yote kunachukua zaidi ya sekunde 45. Wachezaji wa The King of Fighters walisubiri kati ya pambano na pambano, na baadhi ya mikao ya wahusika ikakatwa ili data iweze kutosha.

Upande wa pili, ubongo ulipoelemewa, kaseti kubwa haikusaidia. Metal Slug 2 ya mwaka 1998 inajulikana kwa kuzorota kila skrini inapojaa maadui na milipuko. Michoro ipo, njia ya picha iko wazi, lakini 68000 haimalizi hesabu kabla ya fremu, yaani picha, inayofuata. Mwaka 1999 ilitoka Metal Slug X, gemu hiyohiyo ikiwa imepangwa upya, nayo inakwenda vizuri zaidi kwenye bodi ileile.

330 mega na biti 24

Mega zilizoandikwa kwenye Neo Geo ni megabiti. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo gawanya kwa 8. Maneno "MAX 330 MEGA" yanataja ukubwa ambao mfumo ulipangwa kuufikia, sawa na megabaiti 41 na kidogo. Art of Fighting ilitangazwa kwa kupita mega 100: ni mega 102, yaani megabaiti 12.75. Ikumbukwe kwamba Street Fighter II ya Super Nintendo ilikuwa mega 16, yaani megabaiti 2.

Na 330 haikuwa ukuta. Kaseti za baadaye ziliongezewa mzunguko unaobadilisha fungu la ROM linaloonekana kwa bodi, na ukubwa ukapanda: The King of Fighters '96 ni mega 362, '98 ni 683, Metal Slug 3 ni 708. Bodi ya mwaka 1990 inazicheza zote bila kubadilishwa chipu hata moja. Kwa mtazamo wangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya mfumo huu kuishi mpaka Samurai Shodown V Special ya mwaka 2004: kila mwaka kaseti ilikua, na mwenye kabati hakulipia bodi mpya.

Biti 24 ni hesabu ya matangazo. 68000 ina njia ya data ya biti 16, Z80 ina ya biti 8, wakajumlisha. Chipu hizo hazifanyi kazi moja kwa pamoja. Moja inaendesha gemu, nyingine inaendesha sauti. Kwa kanuni hiyo Mega Drive nayo ingekuwa ya biti 24, maana ina jozi ileile.

Kosa liko kwenye kaseti au kwenye bodi?

Kaseti ya MVS ina bodi mbili ndogo zilizolaliana, zimeandikwa PROG na CHA. PROG hubeba ROM za P, programu ya gemu, na za V, sauti zilizorekodiwa. CHA hubeba ROM za C, michoro ya spraiti. S, herufi za tabaka la juu. Na M, programu ya Z80. Mgawanyo huu unatosha kusoma dalili nyingi kwa macho na masikio.

Muziki unapiga lakini sauti za watu na vishindo havipo: V, upande wa PROG. Hakuna sauti yoyote ya gemu lakini picha iko sawa: M, upande wa CHA. Wahusika wako sawa ila maandishi na mistari ya uhai imevurugika: S. Wahusika wana rangi za ajabu huku umbo likionekana: angalia C. ROM hizo hukaa kwa jozi, C1 na C2, C3 na C4, kwa sababu kila pikseli ina biti 4 na kila chipu ya jozi hutoa 2. Moja ikinyamaza, umbo linabaki na rangi zinapotea njia. Gemu isipowaka kabisa wakati kaseti nyingine zinawaka, mshukiwa wa kwanza ni P.

Tahadhari kwa gemu za mwishoni: kuanzia The King of Fighters '99 michoro ya C ilisimbwa, na herufi za S zikahamishiwa ndani ya C. Kwenye kaseti hizo usipoteze muda kutafuta chipu ya S.

Mara nyingi tatizo ni uchafu tu. Zima umeme kabisa, fungua kaseti, futa meno ya shaba ya PROG na CHA kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa alkoholi ya isopropili, acha ikauke, kisha chomeka na kuchomoa mara tatu au nne ili tundu nalo lijisugue. Msasa usitumike, unakwangua dhahabu iliyopakwa juu ya shaba, na baada ya hapo kutu haikawii. Kaseti isichomekwe wala kuchomolewa bodi ikiwa na umeme.

Kama dalili ileile inajitokeza kwa kila kaseti, tatizo ni la bodi. Kama inajitokeza kwenye tundu moja tu la bodi yenye matundu manne, ni tundu hilo au chipu zinazoliunganisha.

Betri na ujumbe wa makosa

Hofu ya betri imetoka kwa jirani. Bodi za Capcom CPS-2, zilizoanza mwaka 1993, huweka ufunguo wa kufumbua programu kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri. Betri ikifa ufunguo unapotea na gemu haiwaki. MVS haina kitu hicho. Betri yake hulinda RAM ya kilobaiti 64 yenye mipangilio, hesabu za sarafu na pointi za juu, na huendesha saa ya bodi. Ikifa, hivyo vinapotea, na gemu zinaendelea kuchezwa.

Hatari ya kweli ni kuvuja. Bodi nyingi za MVS zilitoka na betri ya Ni-Cd inayochajiwa, na baada ya miaka mingi maji yake, ambayo ni alkali, hutambaa na kula njia za shaba. Ukipata bodi yenye betri hiyo, ikate hata kama inaonekana nzima. Penye unga wa kijani au mweupe, sugua kwa mswaki na siki nyeupe ili kuivunja nguvu alkali, suuza kwa maji safi, malizia kwa alkoholi, acha ikauke vizuri kabla ya kuiwasha. Halafu pima kila njia iliyoguswa kwa mita, mwanzo hadi mwisho. Njia inaweza kuonekana nzima chini ya rangi ya kijani kumbe imekatika.

Bodi inaichaji betri yake. Kwa hiyo ukiweka betri ya kidonge ya CR2032, ambayo haichajiwi, lazima dayodi, kijenzi kinachopitisha umeme upande mmoja tu, iwekwe kwenye njia yake ili umeme wa kuchaji usiifikie, la sivyo itavimba au kuvuja nayo. Bodi itakayokaa kwa mchezaji asiyejali pointi za juu inaweza kubaki bila betri kabisa.

Bodi ikigoma, mara nyingi inasema. BIOS hupima kumbukumbu kila inapowashwa, na ikikosa huandika jina la sehemu, anwani, ilichoandika na ilichosoma. Chukua mfano wa WORK RAM ERROR, anwani 100000, WRITE 5555, READ 55FF. Tarakimu mbili za kushoto ziko sawa, mbili za kulia zimekosea. RAM ya kazi ni chipu mbili, kila moja inabeba nusu ya neno, yaani tarakimu mbili kati ya nne. Iliyokosea ni ya nusu ya chini, ile ya kulia. Kabla ya kuing'oa, pima njia zake, hasa kama betri ilivuja karibu. BACKUP RAM ERROR na CALENDAR ERROR karibu kila mara zinakurudisha kwenye eneo la betri. Z80 ERROR ina maana upande wa sauti haukujibu. Safisha CHA ya kaseti kwanza, maana ndipo M inapokaa.

Ikiwa skrini inaonyesha vurugu za rangi na bodi inajizima na kujiwasha kila mara huku spika ikitoa mlio wa tik, tik, huyo ni mlinzi wa bodi, mzunguko unaohakikisha kwamba programu bado inaendelea. Programu inatakiwa kumgusa mara kwa mara. Asipoguswa kwa takriban sekunde 0.13 anaianzisha mashine upya. Ubongo haupati hata nafasi ya kuandika kosa. Tafuta njia zilizoliwa, BIOS iliyolegea kwenye kikalio chake, au umeme mdogo.

Umeme upimwe kwenye bodi, si kwenye pawasaplai. Kiunganishi cha JAMMA, kile sanifu kinachounganisha bodi na kabati, kina pini 56, 28 kila upande. Weka mita kati ya pini 1, ambayo ni ardhi, na pini 3, ambayo ni volti 5, gemu ikiwa inaendelea. Lenga kati ya 5.00 na 5.10. Waya ndefu za kabati hupoteza sehemu ya volti njiani, na bodi ya matundu manne yenye kaseti zote ikipata 4.7 huanza kujianzisha upya hata kama pawasaplai inasoma 5.

Kitufe cha nne, D, kikikataa wakati vingine vitatu vinafanya kazi, bodi ni nzima. JAMMA ya kawaida imepanga vitufe vitatu kwa kila mchezaji. SNK iliweka cha nne kwenye pini 25 kwa mchezaji wa kwanza na pini c kwa wa pili, na kabati nyingi hazina waya hapo. Vuta waya mmoja kwa kila mchezaji.

Mwisho, zile kaseti za gemu 161 zinazouzwa kwa bei nafuu. Nyingi hutumia chipu za kisasa za volti 3.3 zilizounganishwa na njia za volti 5 za bodi bila kigeuzi cha maana kati yake. Zinacheza, lakini chipu za pande zote mbili zinafanya kazi nje ya kipimo chake. Kwenye bodi unayotaka idumu, tumia kaseti yenye kigeuzi cha volti, au kaseti halisi za gemu chache unazozipenda.